Paka ananyonyoka manyoya: ni fangasi au ni kitu kingine?

Paka akitokea na kipara kichwani, mkono wa kwanza wa mwenye paka huenda kwenye krimu ya fangasi. Pengine atapatia. Pengine atamaliza wiki tatu akipaka dawa ya fangasi juu ya paka mwenye viroboto. Baya kuliko yote ni kupaka krimu ya mchanganyiko yenye steroidi juu ya fangasi wa kweli: wekundu hutulia siku chache, kinga ya ngozi inalala, kisha kipara kimoja kinazaa sita.

Kabla ya kufika kwenye dalili, shika hili moja: ugonjwa huu uko kwenye unywele. Choa cha paka, ambacho wengine hukiita mashilingi, huletwa na fangasi wanaokula keratini, ile protini inayojenga nywele, kucha na tabaka la juu la ngozi. Kwa paka mhusika karibu kila mara ni Microsporum canis. Mara chache huwa ni Trichophyton aliyetoka kwa panya, au Nannizzia gypsea anayeishi udongoni. Fangasi huingia kwenye unywele ulio katika kuota, huuvamia mpaka ndani, nao hudhoofika na kukatika karibu na ngozi. Kile kipande kilichokatika kinaanguka kikiwa kimevaa maelfu ya mbegu za fangasi. Ndiyo maana kipimo kinachukuliwa kwenye unywele, tiba inaufuata unywele, na usafi wa nyumba kwa sehemu kubwa ni kuokota nywele.

Kipara chenye magamba, paka hajikuni sana

Hapa fangasi anapanda juu ya orodha. Tazama pua, kope, masikio kwa nje, kidevu, miguu ya mbele na ncha ya mkia. Kipara huwa na magamba meupe au ya kijivu kama jivu la sigara, nywele za pembeni zimekatika fupi kama ndevu za siku mbili, na ukizivuta kwa kibano zinatoka bila ubishi. Umbo la duara si lazima. Kwa binadamu choa huchora pete nzuri. Kwa paka mara nyingi ni mabaka yasiyo na umbo, na kwa paka wa manyoya marefu huenda usione kipara kabisa, ila manyoya yamepungua na kuna mba kidogo.

Umri na historia vina uzito. Watoto wa paka, paka aliyetoka kwenye makazi yenye msongamano, paka wa Persia, paka mwenye ugonjwa unaoshusha kinga: hawa wako mbele. Tangu kuambukizwa mpaka kipara kuonekana huchukua kati ya wiki 1 na 3, basi uliza ni mnyama gani mpya aliingia nyumbani katika kipindi hicho. Na kama mtu wa nyumba hiyo ana pete nyekundu inayowasha kwenye mkono au shingo, mahali anapombebea paka, hiyo ni dalili nzuri kuliko nyingi.

Anajikuna usiku na mchana

Muwasho mkali unaondoa macho kwenye fangasi na kuyapeleka kwa wadudu. Fangasi anaweza kuwasha, lakini paka anayeamka usingizini kujikuna ana kitu kingine mpaka ithibitike vinginevyo.

Anza na viroboto. Pitisha kitana chenye meno ya karibu karibu juu ya kiuno na chini ya mkia, kisha gongesha uchafu uliotoka juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji. Chembe nyeusi zikianza kutoa rangi ya kutu inayotambaa kwenye karatasi, hicho ni kinyesi cha kiroboto, damu iliyokwisha kusagwa. Vumbi halifanyi hivyo. Usipowaona viroboto wenyewe si hoja: paka mwenye mzio hujilamba mpaka anawameza wote. Vipele vidogo kama punje za ulezi unavyovihisi kwa vidole mgongoni kuliko kuviona kwa macho, navyo kwa kawaida ni mzio wa viroboto. Angalizo lisilo na mjadala: dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini inaua paka.

Kama vigaga vinene vimeanza kwenye kingo za masikio na kushuka usoni, fikiria utitiri wa upele wa paka, Notoedres cati. Kama mba ya mgongoni ukiitazama kwa makini unaona inatembea, huo ni utitiri wa Cheyletiella, na watu wa nyumba nao huenda wakawa na vipele. Uchafu mweusi mkavu kama masimbi ya kahawa ndani ya sikio ni utitiri wa masikio. Hakuna hata mmoja kati ya hawa anayesikia krimu ya fangasi.

Kipara laini, ngozi safi kabisa

Tumbo na mapaja ya ndani yamebaki wazi, hakuna gamba wala wekundu. Ng'oa nywele kumi pembezoni mwa kipara, zilaze kwenye kioo cha hadubini juu ya tone la mafuta ya madini, uangalie ncha. Ncha zikiwa zimekatika kama zimetafunwa, paka anajilamba mwenyewe: mzio, maumivu ya kibofu, au msongo. Ncha zikiwa nzima na zimechongoka, nywele zinaanguka kutoka kwenye mizizi, na hilo ni swali la daktari wa mifugo kuhusu homoni na viungo vya ndani. Ni kipimo cha dakika tano kinachookoa dawa nyingi za bure.

Ngozi ina mafuta, inanuka, kucha zina utando wa kahawia

Huyu ni fangasi wa aina nyingine, hamira inayoitwa Malassezia, ambayo huishi kwenye ngozi ya paka mzima bila kumdhuru na huzidi pale ngozi inapoharibika. Sphynx na Devon Rex huipata kirahisi. Haiambukizi kama choa. Shampuu ya mikonazoli na klorheksidini huituliza, lakini itarudi kama chanzo hakijapatikana. Paka mzee ambaye ghafla anapata hamira mwili mzima, hasa kama anapungua uzito, apigwe picha ya kifua na ya tumbo. Kuna saratani zinazojitangaza kwa njia hiyo.

Vidonda vilivyo wazi puani au miguuni, vinatoa majimaji na havifungi

Acha kugusa kwa mikono mitupu. Choa cha kawaida hakichimbi vidonda vya namna hii. Fangasi mwingine, Sporothrix, huchimba, na paka mwenye ugonjwa huo huambukiza watu kwa kukwaruza na kuuma. Nchini Brazili aina ya Sporothrix brasiliensis imesambaa hasa kupitia paka. Vaa glavu, mfungie chumba kimoja, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Uvimbe wa daraja la pua unaweza pia kuwa fangasi aitwaye Cryptococcus. Haya hayatibiwi nyumbani kwa krimu, na kinachofuata hapa chini hakiyahusu.

Kuthibitisha

Taa ya Wood ndiyo mahali pa kuanzia, na ndiyo kifaa kinachotumiwa vibaya kuliko vyote. Inatoa mwanga usioonekana wenye mawimbi ya takriban nanomita 365. Tochi nyingi za bei rahisi zinatoa nanomita 395, na rangi yake ya zambarau inamwagika kila mahali mpaka kila kitu kinaonekana kung'aa. Zima taa zote, kaa gizani dakika chache macho yazoee, kisha shika taa sentimita 2 hadi 4 kutoka kwenye ngozi na uende polepole. Inua vigaga, maana nywele zinazong'aa hujificha chini yake.

Unachotafuta ni kijani cha tufaha kwenye shina la unywele wenyewe, kama uzi uliochovywa rangi. Magamba yaking'aa, si kitu. Vumbi, nyuzi za nguo, mafuta ya kupaka na baadhi ya dawa hutoa buluu nyeupe au njano, si kitu. Kati ya fangasi wa paka ni M. canis pekee anayetoa mng'ao huu, kwa hiyo kutoona mng'ao hakumwachilii paka huru. Kuuona ni jambo la furaha: ng'oa hizohizo zinazong'aa uzipeleke kwenye hadubini. Unywele ulioathirika huonekana mnene, umepauka, umepoteza mistari yake ya ndani na umevaa mbegu. Ukiziona, tiba inaanza leo.

Kuotesha maabara ndiko kunakojibu ni fangasi gani na ni wangapi. Chukua mswaki mpya uliotoka kwenye pakiti yake, mswakie paka manyoya ya mwili mzima kwa dakika 2 hadi 3, ukimalizia na sehemu zenye vipara ili usivisambaze. Meno ya mswaki yanagusishwa juu ya sahani yenye chakula cha fangasi bila kukichimba, nayo inakaa kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30 na kutazamwa kila siku kwa siku 14.

Hapo kwenye sahani ndipo wengi wanapotelezea. Chakula chenye kiashirio ni cha njano na hubadilika kuwa chekundu. Wekundu peke yake haumaanishi choa. Kinachotakiwa ni koloni jeupe lenye pamba, pengine lenye unjano kidogo, na wekundu unaojitokeza pamoja nalo au ndani ya siku moja. Koloni la kijani, la kijivu au jeusi ni ukungu wa hewani, hata kama sahani yote imekuwa nyekundu kama damu. Ukungu huo ukikaa muda mrefu nao hubadili rangi. Koloni jeupe nalo lichukuliwe kwa mkanda wa gundi ulio wazi liangaliwe kwenye hadubini: M. canis huonyesha mbegu kubwa zenye umbo la mashua, ukuta mnene, na vyumba zaidi ya sita ndani.

PCR, kipimo cha vinasaba, hujibu ndani ya siku chache, ila inasoma vinasaba vya fangasi aliyekufa sawasawa na aliye hai. Ni nzuri mwanzoni mwa ugonjwa, ni ya kukatisha tamaa mwishoni mwake.

Tiba: ndani na nje, kwa pamoja

Dawa ya kumeza humzuia fangasi ndani ya kijitundu cha unywele. Haiziui mbegu zilizokwisha kutoka nje. Dawa ya kuogesha huziua za nje lakini haifiki ndani. Anayetumia moja bila nyingine anatibu nusu ya ugonjwa, na hili ndilo jibu la swali la "mbona haponi" kwa paka wengi.

Ya kumeza iliyo bora ni itrakonazoli, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito, mara moja kwa siku: wiki moja anakula, wiki moja anapumzika, mpaka wiki tatu za dawa zitimie, yaani wiki ya 1, ya 3 na ya 5. Mapumziko hayo hayana hasara kwa sababu dawa hukaa ndani ya unywele na kuendelea na kazi. Paka wa kilo 4 anahitaji miligramu 20, sawa na mililita 2 za dawa ya maji yenye miligramu 10 kwa mililita. Dawa ya maji hufyonzwa vizuri tumbo likiwa tupu, kapsuli hufyonzwa vizuri pamoja na chakula. Epuka itrakonazoli iliyochanganywa upya kutoka poda. Mara nyingi haifyonzwi, na paka anakunywa dawa wiki sita bila kupata kitu. Akiacha kula au akitapika mfululizo, simamisha umwone daktari, kwani ini linaweza kulemewa.

Terbinafini ndiyo mbadala: miligramu 30 hadi 40 kwa kilo, kila siku bila wiki za mapumziko. Nusu ya kidonge cha miligramu 250 inamtosha paka wa kilo 4. Griseofulvini ilitumika miaka mingi, lakini inaharibu mimba na inaweza kuangusha uboho wa mifupa, hasa kwa paka mwenye FIV, virusi vinavyoshusha kinga ya paka. Ikiwepo nyingine, iache. Ketokonazoli paka haivumilii. Flukonazoli ni dhaifu kwa fangasi hawa. Dawa zote hizi zinatoka kwa daktari, na paka mwenye mimba au mwenye ini bovu ana hesabu yake tofauti.

Kwa nje, mara mbili kwa wiki. Maji ya chokaa na salfa yanabaki kuwa mfalme, pamoja na harufu yake ya yai bovu: sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 16 za maji ya uvuguvugu, sawa na kama mililita 60 kwa lita moja. Mloweshe paka mpaka ngozini, usoni tumia sifongo ukiyalinda macho, kisha usimsuuze. Mkaushie mahali pa joto, na mvishe kola ya koni asijilambe akiwa bado mbichi. Vua vito vya fedha, na usishangae paka mweupe akigeuka wa njano. Kama harufu imekushinda, shampuu ya mikonazoli asilimia 2 na klorheksidini asilimia 2 inafaa, mradi povu likae dakika 10 kamili ukiitazama saa. Dakika mbili za povu ni kumwogesha tu. Mafuta ya mti wa chai ni sumu kwa paka, hata kama mtandao mzima unayasifu.

Krimu ya klotrimazoli au mikonazoli kwenye kipara ni nyongeza, si tiba. Mbegu zimetapakaa kwenye manyoya mbali na kile kipara unachokiona, na nusu ya krimu ataila.

Kunyoa mwili mzima si lazima. Mashine ya kunyolea hupasha na kukwaruza ngozi, na kila mkwaruzo ni mlango. Kata kwa mkasi wenye ncha butu kuzunguka vipara, na kwa paka wa manyoya marefu punguza urefu ili dawa ifike chini. Nywele zilizokatwa ziingie kwenye mfuko na mfuko ufungwe.

Nyumba

Mbegu zinaweza kukaa hai miezi mingi ndani ya nyumba kavu, lakini haziongezeki huko, na hazina miguu. Ziko juu ya nywele. Fagia au vuta kwa kifyonza vumbi, osha kwa maji na sabuni mpaka uchafu utoke, halafu ndipo upitishe blichi: mililita 30 kwa lita moja ya maji, ikae mbichi dakika 10. Blichi juu ya uchafu haifanyi kazi. Usiichanganye na siki wala kuimwaga penye mkojo wa paka, kwani hutoa hewa inayochoma mapafu.

Nguo na matandiko zifuliwe mara mbili kwa mzunguko mrefu, mashine isijazwe. Maji ya moto hayahitajiki. Kinachozitoa mbegu ni mtikiso. Kasha la kubebea paka husahaulika karibu kila mara, na paka aliyepona hupandishwa ndani yake kwenda kupimwa.

Mfungie paka kwenye chumba kinachodekika kirahisi, lakini si kwa miezi. Mtoto wa paka akifungiwa peke yake katika wiki zake za kuzoea watu, anapona ngozi na kubaki mwoga maisha yake yote. Paka wengine wa nyumba wapimwe wote kwa mswaki, kila mmoja na wake. Mtu akitokewa na pete nyekundu aende hospitali aseme wazi kwamba ana paka mwenye choa. Watoto wadogo, wazee na wenye kinga dhaifu wasimshike mpaka apone.

Wiki ya sita na bado vipara

Kama vipara vipya vinatokea, pitia haya kwa mpangilio huu. Je, utambuzi ulithibitishwa, au ulikisiwa? Dozi ilihesabiwa kwa uzito wa leo, au wa mwezi uliopita, kabla mtoto wa paka hajaongezeka nusu kilo? Itrakonazoli ni ya kiwandani? Anaogeshwa mara mbili kwa wiki, au anaogeshwa mtu akikumbuka? Kuna paka mwingine ambaye hajatibiwa? Yote yakiwa sawa na bado haponi, pima FIV na virusi vya lukemia, na kwa paka wa Persia mwenye vinundu chini ya ngozi chukua kipande cha nyama kupimwa, kwa sababu fangasi anaweza kuzama kwenye tabaka la ndani na kujenga uvimbe.

Lini kuacha

Manyoya kurudi si ruhusa ya kuacha. Ngozi hupendeza kabla fangasi hajaisha, na anayeacha hapo hurudi alipoanzia ndani ya mwezi. Taa ya Wood inasaidia kufuatilia: unywele unaoota kutoka kwenye mzizi uliopona hauna mng'ao chini, na ule wa kijani unasukumwa juu mpaka unabaki kwenye ncha tu. Ncha zenye kijani na mashina safi ni habari njema. Oteshea sampuli kuanzia wiki ya nne ya tiba, rudia kila wiki, na uendelee kumwogesha ukisubiri majibu. Kwa paka mwenye afya ambaye tiba yake haikukatika, jibu safi moja linatosha. Kwa wengine subiri mawili mfululizo.

Ukipata sahani yenye koloni moja au mbili tu, na paka hana kipara, hana gamba wala hang'ai popote, usianze vidonge upya. Huyo amebeba mbegu za nyumbani kwenye manyoya kama anavyobeba vumbi. Mwogeshe mara moja, rudia kusafisha sakafu na kasha, akauke, kisha chukua mswaki mwingine mpya.